Wasiwasi Ukibana Pumzi, Anza kwa Kutoa Hewa

Mtu akishikwa na wasiwasi, walio karibu humwambia, "Vuta pumzi ndefu." Wana nia njema, lakini mara nyingi humzidishia. Kifua chake tayari kimejaa hewa. Akilazimisha nyingine juu yake haiingii, naye anaamini anakosa hewa kabisa. Katika kazi yangu ya ushauri nasaha, hapa ndipo ninapoanzia.

Hofu huharakisha pumzi. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika; mwenye hofu hupita hapo, tena kwa mdomo na kwa kifua cha juu. Kwa kawaida oksijeni haimpungukii. Kinachopungua ni kabonidioksaidi, kwa kuwa anaitoa haraka kuliko mwili unavyoitengeneza. Ikishuka, mishipa ya damu ya ubongo hujibana, ndipo kinapokuja kizunguzungu; huja pia ganzi midomoni na vidoleni, hata viganja kukakamaa. Dalili hizo zinamtisha, na pumzi inazidi kwenda mbio.

Ila usijipe jibu la wasiwasi kabla ya kupimwa. Pumu, upungufu wa damu na maradhi ya moyo nayo hukata pumzi. Maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au kwenye taya, midomo kugeuka rangi ya buluu, kuzimia, au mguu mmoja kuvimba huku pumzi ikikata: hayo ni ya hospitali mara moja, si ya mazoezi.

Hatua ya 1: Toa kwanza. Bana midomo kidogo, uachie hewa itoke polepole hadi mabega yashuke yenyewe. Usisukume kwa nguvu.

Hatua ya 2: Vuta kidogo, kwa pua. Mdomo ufungwe. Weka kiganja juu ya kitovu. Kiganja kiinuke, kifua kitulie. Pumzi hii iwe ndogo kuliko unavyotamani, na hapo ndipo wengi hushindwa. Kile kiu cha hewa kitakudai upige miayo au ushushe pumzi ndefu. Kikikujia, meza mate, kisha urudi kwenye pumzi ndogo.

Hatua ya 3: Hesabu. Vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita. Kila hesabu ikiwa sekunde moja, utapata pumzi sita kwa dakika. Sita ikikushinda, anza na tatu kwa nne; muhimu ni kutoa kuzidi kuvuta, maana mapigo ya moyo hupungua kasi tunapotoa pumzi. Endelea kwa dakika tano hivi. Usikague kila mara kama umepona, kwani ukaguzi huo nao ni wasiwasi.

Hatua ya 4: Baki ulipo. Kama hakuna hatari ya kweli, usitoke mbio. Shambulio la hofu kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10, kisha huteremka. Ukikimbia kila mara, utaamini ni kukimbia kulikokuokoa, na kesho utaogopa lifti, basi na mikutano.

Na ule mfuko wa karatasi ambao watu huambiwa wapumulie ndani yake wakishikwa na hofu? Uacheni. Kama tatizo ni pumu au moyo, unaweza kuleta madhara makubwa.

Hatua ya 5: Zoea ukiwa mtulivu. Asubuhi na jioni, dakika tano kila mara, umekaa au umelala chali. Anayesubiri hofu ndipo ajifunze huwa amechelewa. Punguza pia kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu. Kafeini huamsha mapigo yale yale unayoyaogopa.

Hali ikiendelea kwa wiki kadhaa, au ukianza kukwepa kazi na watu, mtafute mtaalamu wa tiba ya mazungumzo. Usishangae akikuomba upumue haraka kwa makusudi, mbele yake, kwa dakika moja hivi. Anataka kizunguzungu kije, ukione kikiondoka chenyewe. Zoezi hilo usilifanye peke yako, hasa ukiwa na pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo au ujauzito.