Ukitaka kumjua Gérard Oury, anzia katikati

Nilipofika Lyon nikitokea Tanga, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumhudumia bibi mmoja wa Croix-Rousse: kumwogesha, kumpikia supu, kumshusha ngazi siku ya soko. Kifaransa changu kilikuwa cha kuombea maji. Jioni moja ya Desemba televisheni ikaonyesha La Grande Vadrouille, kichekesho cha mwongozaji wa filamu Mfaransa Gérard Oury, bibi akanishika mkono akanikalisha kando yake. Sikuambulia hata robo ya maneno, lakini nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na bibi akawa anacheka kwa sababu mimi nacheka. Tangu hapo nimewaonyesha filamu za Oury watu wengi wasiojua Kifaransa, wanangu hapa na ndugu zangu nikienda likizo nyumbani. Njia yangu ndiyo hii.

Usianze na filamu zake za kwanza. Oury aliingia kwenye vichekesho akiwa mtu mzima. Alizaliwa Paris mwaka 1919, akawa mwigizaji, akafika Comédie-Française, jumba kuu la maigizo la Ufaransa, halafu vita ikamng'oa: alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi, ikabidi akimbilie Uswisi. Amani iliporudi aliigiza miaka mingi bila jina lake kuwa kubwa, na alipogeukia uongozaji mwaka 1960 alianza na filamu za mikasa na uhalifu. Katika moja ya hizo, ya mwaka 1962, mwigizaji Louis de Funès alikuwa na kisehemu kidogo, na ndiye aliyemsukuma Oury akubali kwamba kipaji chake kiko kwenye kuchekesha. Miaka mitatu baadaye Oury akampa de Funès na mchekeshaji mwenzake Bourvil filamu nzima. Kwa hiyo ya 1960 mpaka 1964 yaache, utayarudia ukishampenda.

Anza na La Grande Vadrouille, ya Desemba 1966. Kabla ya kubonyeza, waeleze watazamaji mambo machache tu: ni mwaka 1942, Wajerumani wameikalia Paris, Ufaransa imekatwa vipande viwili na upande wa kusini ndio unaoitwa huru. Ndege ya Waingereza inatunguliwa juu ya Paris, marubani wanashuka kwa miavuli. Mmoja anaangukia bustani ya wanyama, mwingine jukwaa la mpaka rangi, wa tatu paa la jumba la Opera. Basi. Mpaka rangi, ambaye ni Bourvil, na kiongozi wa okestra, ambaye ni de Funès, watu wawili ambao wangepishana njiani bila hata salamu, sasa wanalazimika kukimbia pamoja kuelekea kusini. Ukieleza zaidi ya hapo utawaharibia.

Weka sauti ya asili. Hili nalisisitiza, kwa sababu ipo sauti iliyobandikwa juu, na ukiichagua umeiua filamu. Mle ndani Wafaransa wanasema Kifaransa, Waingereza Kiingereza, Wajerumani Kijerumani, na kutoelewana huko ndiyo mashine inayoendesha kila kitu. Tazama wanapokwenda kumtafuta rubani kwenye hamamu, bafu la mvuke. Alama ya kutambuana ni kuimba Tea for Two. Ndani ya mvuke, Bourvil na de Funès, kila mmoja kajifunga taulo, wanaimbiana wimbo huo, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye Mwingereza anayetafutwa. Wanahangaika kwa Kiingereza cha kubabaisha mpaka wanagundua wote ni Wafaransa. Anayeishi kati ya lugha mbili ataishika haraka kuliko Mfaransa mwenyewe. Wanangu waliielewa bila mimi kufungua mdomo.

Pale de Funès anapoongoza okestra, mwambie kila mtu anyamaze. Wanapiga muziki wa Berlioz ndani ya Opera yenyewe. Mtazame mikono, halafu uso, halafu mikono tena. Anasimamisha wanamuziki, anawakaripia, anawabembeleza, na kila kidole kinafuata mapigo. Alijifunza kuongoza okestra kwa ajili ya filamu hii na inaonekana, maana hapo hachezi kichekesho hata kidogo. Ni mtu mwenye majivuno anayejua kazi yake. Ndiyo maana dakika chache baadaye, rubani anapojitokeza kwake na jumba limejaa maofisa wa Kijerumani, woga wake unatuingia na sisi. Hapa ndipo namwelewa Oury: hatari lazima iwe ya kweli. Bunduki zina risasi. Hawa watu wawili wanaweza kufa, na wanagombania viatu.

Bibi yangu alikuwa mtoto hapa Lyon Wajerumani walipoingia Novemba 1942. Alicheka filamu nzima, ila kila lori la askari lilipopita alinikaza vidole. Nadhani Wafaransa wengi waliiangalia hivyo hivyo, ndiyo maana zilikatwa tiketi zaidi ya milioni 17 katika nchi ambayo wakati ule haikuwa na zaidi ya watu milioni 50. Hakuna filamu ya Kifaransa iliyoifikia mpaka 2008, ilipotoka ile ya Dany Boon kuhusu watu wa kaskazini.

Ya pili iwe Le Corniaud, ya 1965. Kama una haraka, tazama robo saa ya mwanzo tu, lakini tazama kwa makini. Bourvil anaondoka kwenda likizo Italia na gari lake dogo, Citroën 2CV. De Funès, tajiri ndani ya gari kubwa, anamgonga. Gari dogo linasambaratika lote kwa mpigo: milango, boneti, magurudumu, na Bourvil anabaki ameketi, usukani mkononi. Mafundi walifunga boliti zinazolipuka kwa umeme ili gari lifumuke kwa wakati mmoja. Irudie mara ya pili bila sauti, uone Bourvil anavyochelewa kuelewa kilichompata. Huko kuchelewa ndiko kunakochekesha kuliko mlipuko wenyewe.

Bourvil alifariki 1970 filamu nyingine ikiwa inaandaliwa kwa ajili yake, nafasi akapewa Yves Montand. Ndiyo La Folie des grandeurs ya 1971. Hii ina kitu kimoja kisichotafsirika, na afadhali umweleze mtu mapema. Montand ni mtumishi, de Funès ni waziri mwenye uchu wa kodi, na asubuhi anaamshwa kwa mlio wa sarafu. Kwa Kifaransa saa ni heure na dhahabu ni or, matamshi yanakaribiana, basi mtumishi badala ya kusema saa ya kuamka imefika anasema dhahabu imefika. Sema hivyo tu kisha nyamaza, waisikie sarafu.

Le Cerveau ya 1969 na L'As des as ya 1982 ni za wapenzi wa mwigizaji Belmondo. Zipo nyingine mpaka 1999, lakini hizo mimi simfungulii mgeni.

Les Aventures de Rabbi Jacob, ya 1973, iweke mwisho, na ukae na watu wako chumbani. De Funès ni tajiri mbaguzi. Mwanzoni kabisa, ndani ya foleni, anaiona harusi ya mweusi na mzungu, macho yanamtoka, na punde moshi wa gari unampaka yeye mwenyewe masizi uso mzima. Wanangu walinigeukia waone nitafanyaje. Niliwaambia wangojee. Njiani tajiri anagundua kwamba dereva wake Salomon ni Myahudi, na baadaye Salomon anakataa kumsaidia gari likiwa limepinduka majini, kwa sababu Ijumaa jua limezama na Sabato, siku ya Wayahudi ya kutofanya kazi, imeingia. Kwetu Tanga anayejua uzito wa Ijumaa haelezwi mara mbili. Kisha mtu huyo huyo inabidi avae ndevu za rabi, kiongozi wa dini wa Kiyahudi, ili kujiokoa, akiwa pamoja na kiongozi wa mapinduzi wa Kiarabu aitwaye Slimane.

Ilitoka Oktoba ile ile ya vita kati ya Israeli na Waarabu, na Oury, aliyewahi kukimbizwa kwa Uyahudi wake, hakuirudisha kabatini. Karibu na mwisho Slimane na Salomon wanapeana mikono, na kamera inakaa kwenye ile mikono. Nyumbani nilibonyeza rimoti nikaisimamisha hapo hapo ili nitafsiri. Shemeji yangu, asiyejua neno moja la Kifaransa, alishayasikia yale majina.

"Si wote wawili Suleimani hawa?" akauliza.

Nikabonyeza iendelee.