Kabla hujapanda basi kuja Arusha na bahasha ya kesi yako

Hapa mjini hawakosi watu wanaoshuka stendi na bahasha ya kaki kwapani wakiulizia "ile mahakama ya Afrika". Baadhi yao huelekezwa kwetu, wasaidizi wa kisheria, kwa kuwa hatutozi kitu. Naandika haya ili ujue mlango unaokuhusu kabla hujatoa nauli.

Nianze na habari mbaya. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo Arusha tangu 2007, lakini mtu binafsi hawezi kuishtaki nchi pale mpaka nchi hiyo iwe imetoa tamko la kuruhusu. Tanzania ilitoa tamko 2010, ikatangaza kuliondoa Novemba 2019, na tangu 22 Novemba 2020 hakuna shauri jipya la mwananchi dhidi yake linalopokelewa. Rwanda ilitangulia 2016, Benin na Côte d'Ivoire zikafuata 2020. Kenya na Uganda hazijawahi kutoa tamko kama hilo. Kwa maoni yangu, mwenyeji kuwafungia wanawe mlango wa nyumba aliyowajengea wageni ni fedheha, ila fedheha haifungui shauri. Mashauri yaliyoingia kabla ya tarehe hiyo yanaendelea. Kama ndugu yako gerezani alifungua la kwake 2018, usimwambie limekufa.

Sasa kazi. Chukua daftari uchore safu nne: tarehe, kilichotokea, aliyefanya, na karatasi inayothibitisha. Uchungu uweke kando kwanza, anza na tarehe. Safu ya nne ndiyo itakayokutoa jasho.

Mama mmoja kutoka upande wa Babati alikuja kwa ajili ya mwanawe aliyefungwa.

"Shikamoo mama. Hukumu ya Rufani ilisomwa lini?"

"Marahaba mwanangu. Wakati wa mvua za vuli."

"Za mwaka gani, mama?"

Akacheka, akamwaga bahasha mezani. Mlikuwa na barua za kuomba msaada kwa kila mkubwa unayemjua, kadi ya kliniki ya mjukuu, na ukurasa wa mwisho wa hukumu, usio na muhuri. Huo peke yake hautoshi. Unahitaji vitu vitatu: hati ya mashtaka, mwenendo wa kesi, na hukumu ya kila ngazi, nakala kamili zilizogongwa muhuri na masjala ya mahakama. Andika barua ya kuomba, ubaki na nakala yenye muhuri wa "imepokelewa". Wakikuzungusha miezi, barua hiyo itakuwa ushahidi wa kwa nini umechelewa.

Ukishajaza daftari, tazama tarehe ya tukio. Kama halijafikisha miezi miwili, acha kila kitu ufikirie Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, iliyo hapa Arusha kwenye makao makuu ya Jumuiya na yenye masjala ndogo Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Kigali na Bujumbura. Haihitaji tamko la nchi, wala haikulazimishi kwanza umalize mahakama za nyumbani. Mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kufungua. Inachodai ni miezi miwili, kwa mujibu wa ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya: tangu kitendo kilipofanyika, au tangu ulipokijua. Na haina huruma. Shirika moja la Kenya lilipeleka malalamiko ya mateso na mauaji ya Mlima Elgon. Mwaka 2012 kitengo cha rufaa kikasema muda umepita na mahakama haina mamlaka ya kuuongeza. Hoja kwamba ukiukaji "bado unaendelea" haikuwaokoa. Kwa hiyo usisubiri kikao cha ukoo.

Pale usiandike "nadai haki zangu za binadamu" ukaishia hapo, kwa sababu mamlaka kamili ya haki za binadamu mahakama hiyo bado haijapewa. Njia inayopita ni kusema nchi imevunja Mkataba wa Jumuiya, ibara ya 6(d) na 7(2), zinazotaja utawala wa sheria na haki za binadamu. Kwa njia hiyo Baraza la Habari Tanzania na wenzake walishinda Machi 2019 dhidi ya vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016.

Ushahidi nao usiuchukulie poa. Vijiji vinne vya Loliondo viliwahi kwenye muda: watu walifukuzwa Agosti 2017, shauri likafunguliwa Septemba, mwaka uliofuata wakapata hata amri ya kuzuia uhamishaji. Lakini Septemba 2022 waliangushwa kwa kushindwa kuthibitisha kwamba maboma yaliyochomwa yalikuwa ardhi ya kijiji na siyo ndani ya hifadhi ya Serengeti. Novemba 2023 rufaa ikairudisha kesi isikilizwe upya, yaani miaka sita baadaye. Funzo langu kwa wenye migogoro ya ardhi: simama ulipobomolewa, washa ramani kwenye simu, piga picha ya namba za mahali ulipo, kisha tafuta mpimaji atakayekubali kuapa.

Muda ukishapita, au kama shida yako ni kesi ya jinai iliyokwisha Mahakama ya Rufani, elekea Banjul, Gambia, kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Huko huendi mwenyewe. Unatuma maandishi, hata kwa barua pepe. Nchi haihitaji tamko, inatosha iwe imeridhia Mkataba wa Afrika wa 1981. Ila lazima uwe umemaliza njia za nyumbani, au uonyeshe kwamba zimevutwa kupita kiasi. Hapa wengi hupotoshwa na mawakili wa vijiweni. Ukishahukumiwa na Mahakama ya Rufani, umemaliza. Mahakama ya Afrika ilisema hivyo 2015 katika shauri la Alex Thomas dhidi ya Tanzania: maombi ya mapitio na shauri la kikatiba ni njia za ziada, hulazimiki kuzipitia. Baada ya hapo peleka ndani ya muda unaofaa. Hakuna idadi ya miezi iliyoandikwa, kwa hiyo kila mwezi uliopita uwe na maelezo: ulikuwa gerezani, huna wakili, nakala zilichelewa.

Lugha ndiyo inayoangusha wengi. Mkataba wa Afrika unakataza maandishi ya matusi dhidi ya nchi na vyombo vyake, na kuna chama cha Kameruni kilichokataliwa kwa maneno kama "utawala wa watesaji". Mtu huniletea sentensi hii: "Serikali hii ya majambazi ilituma mbwa wake kunitesa bila huruma." Tunaigeuza: "Usiku wa tarehe fulani, askari watatu wenye sare walinipiga nyayo kwa rungu katika kituo cha polisi. Sikuweza kutembea kwa siku nne. Fomu ya polisi ya matibabu (PF3) imeambatishwa." Ya pili inauma zaidi, tena haikataliki. Vilevile klipu za WhatsApp na magazeti visiwe ushahidi wako pekee. Tafuta shahidi, daktari, karatasi.

Jina lako lazima uliandike, lakini unaweza kuomba lisitajwe hadharani. Kama kuna hatari isiyongoja, mfano kunyongwa au kubomolewa, omba hatua za muda, yaani amri ya kuzuia jambo hilo wakati shauri likisubiri, kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, usizifiche mwishoni.

Na Banjul kuna uchochoro wa kurudi Arusha, maana Tume yenyewe inaweza kulipeleka shauri Mahakama ya Afrika. Waogiek wa msitu wa Mau walipita humo, ingawa Kenya haina tamko. Walishinda Mei 2017, na Juni 2022 Kenya ikaamriwa kuwalipa fidia ya shilingi 157,850,000 za Kenya. Sikuahidi kwamba Tume itakubali. Yenyewe ndiyo inayoamua.

Umoja wa Mataifa nautaja kwa kifupi. Tanzania haijakubali malalamiko binafsi kwenye Kamati ya Haki za Binadamu ya Geneva, lakini imekubali kwenye kamati ya wanawake na ile ya watu wenye ulemavu. Wajane wawili walionyimwa mirathi kwa sheria za mila walishinda kwenye kamati ya wanawake 2015. Ndugu zetu wenye ualbino nao wameshinda kwenye hiyo nyingine.

Chagua mlango mmoja. Shauri lililokwisha kuamuliwa kwingine Tume hailipokei.

Ukishatuma, hifadhi risiti na namba ya shauri mahali pawili. Ukibadili laini ya simu au anwani, waandikie siku hiyohiyo, kwa sababu shauri linaweza kufutwa kwa mlalamikaji kutojibu barua ambayo hata hakuipata.