SOMO: Ukienda shoo ya maua ama bustani za watu, rudi na dizaini, sio picha tupu

Habari zenu wapenda bustani. Wengi mnauliza mawazo ya kudizaini natoa wapi na jibu ni lile lile, natembea. Shoo ya ASK (yale maonyesho ya kilimo) hapa Nakuru, bustani za hoteli, maboma ya watu, na zile shoo za ng'ambo naangalia kwa simu nikiwa kitandani. Lakini kutembea peke yake hakusaidii, kuna watu wanatoka shoo simu imejaa picha alafu wakifika kwa ploti ya mteja wanapanda zile zile palm mbili kwa geti kama kila nyumba ya hiyo mtaa. Kwa hivyo leo twende hatua kwa hatua. Na kama una haraka shika hii: shoo inakuonyesha bustani ikiwa na umri wa siku moja, bustani ya zamani inakuonyesha ikiwa na miaka, na dizaina anahitaji zote mbili.

HATUA YA 1: Andika shida kabla hujatoka nyumbani

Sio orodha ya maua unayopenda, shida. Mfano ploti ya hapa Nakuru, tuko kama mita 1,850 juu ya bahari, udongo ni jivu la volkeno maji yanapita tu hayakai, kuna ukuta wa mawe unapigwa na jua la mchana, kuna mbwa wawili, na maji ya mfereji yanakuja siku yakitaka. Ukishaandika hivyo macho yanajua yanatafuta nini, utapita standi za waridi bila kusimama alafu utasimama nusu saa kwa ile moja yenye mtu ameficha tangi la maji vizuri.

HATUA YA 2: Kwa shoo, mzunguko wa kwanza simu ikae mfukoni

Hapa Nakuru shoo kwa kawaida ni mwezi wa 7, mvua imenyesha, kila kitu ni kijani, na hiyo yenyewe ni mtego juu mwezi wa 7 hata kichaka kinapendeza. Zunguka mara ya kwanza ukiangalia tu, ujue ni wapi miguu yako ilisimama yenyewe. Mzunguko wa pili ndio unatoa simu.

Na mzunguko wa pili uiname. Namaanisha uiname kabisa, usogeze kwa kidole ile takataka ya mbao waliyomwaga chini ya maua. Utakuta ukingo wa ile karatasi nyeusi ya nasari, mche bado uko ndani ya mfuko wake, umefukiwa juzi, na mwenzake amebanwa hapo hapo kando yake majani yanashikana. Sio wizi, ndivyo shoo inavyofanywa dunia nzima. Hata ile kubwa ya Chelsea kule London, ambayo imekuwa kwa uwanja wa Royal Hospital tangu 1913, bustani zinajengwa kwa wiki chache tu, watu wanaangalia siku tano mwezi wa 5, alafu zinabomolewa. Mimea ingine inawekwa kwa baridi icheleweshwe, ingine kwa joto iharakishwe, ndio yote ichanue wiki moja. Sasa wewe ukinakili ile nafasi ya mche na mche kutoka kwa shoo, mwaka ukiisha mteja ana msitu na nusu ya mimea aliyolipia imekufa kwa kukosa hewa.

Kitu cha kubeba kutoka kwa shoo ni viungo. Kabro inakutana vipi na nyasi, maji ya mvua yanaelekea wapi, kiti kimewekwa kikiangalia nini. Na rangi, zihesabu. Standi inayokuvuta ukiwa mbali mara nyingi ina rangi mbili ama tatu zinazorudiwa rudiwa, ile iliyoweka kila kitu kwa sinia moja inachosha macho.

Pia shoo inakupa ujasiri, hiyo sitaki kuidharau. Chelsea ya 2019 dizaina anaitwa Jilayne Rickards alitengenezea CAMFED, shirika linalosomesha wasichana Afrika, bustani ya chakula ya kijijini Zimbabwe, mahindi, maharagwe, mboga, na ikapata medali ya dhahabu. Mboga jamani! Na sisi huku tunang'oa sukuma ya mama wa watu ndio tumuwekee nyasi ya kuangalia.

HATUA YA 3: Bustani ya zamani uiendee saa mbaya

Usiende asubuhi mapema wakati kila kitu kina umande. Nenda saa nane mchana, na ukiweza nenda Januari ama Februari kiangazi kikiwa kikali, uone ni nini bado kimesimama bila hosipaipu. Hapo ndio unajua mmea wa ukweli.

Za kutembelea ziko nyingi na hazihitaji pasipoti. Kuna Lord Egerton Castle hapa Ngata, ilijengwa kuanzia 1938 mpaka 1954, nenda uangalie venye jumba zito la mawe linakaa kwa uwanja, umbali gani wameacha kabla mti mkubwa uanze, juu wengi wetu tunabandika miti kwa ukuta. Kuna Elsamere kando ya ziwa Naivasha, ilikuwa nyumba ya Joy Adamson, yule mwandishi wa Born Free, nyasi inashuka kuelekea ziwa chini ya ile migunga ya shina la manjano, na ukikaa hapo unaelewa kwamba kivuli chenyewe ni dizaini. Na Rondo, nyumba ya wageni ndani ya msitu wa Kakamega. Hiyo naipenda kuliko zote, juu aliyeipanga hakuhitaji kujenga mandhari ya nyuma, nyasi na maua viko mbele na msitu umesimama nyuma bure. Ukirudi kwako jiulize, jirani yangu ana mti gani naweza kuuazima kwa macho? Mlima wa Menengai unauonea wapi kwa hii ploti? Usiweke tangi hapo.

Alafu tafuta mtu anayefanya kazi hapo kila siku, sio meneja. Msalimie vizuri, shikamoo kama ni mzee, na umuulize swali moja: hapa ni nini kilikufa? Watu hupenda kuulizwa hilo. Kuna mzee mmoja wa hoteli upande wa Kisumu alinipeleka mpaka kwa njia ya wageni, akakanyaga kabro kwa kisigino, ikacheza kama jino bovu. Mzizi wa mti uliopandwa karibu na njia ulikuwa umeiinua mstari mzima, na yeye ndiye kila mwaka anapanga upya. Hiyo dakika moja ilinifunza umbali wa mti na njia kuliko kitabu chochote.

HATUA YA 4: Toa rangi kwa picha

Ukifika nyumbani chukua zile picha nzuri kwa simu uzigeuze ziwe nyeusi na nyeupe. Ikibaki nzuri, basi inashikiliwa na maumbo, kuna kitu kirefu wima, kuna cha mviringo, kuna kinachotambaa, kuna majani mapana na membamba. Ikigeuka uji, ilikuwa ni maua tu, na maua yakianguka bustani imeisha.

HATUA YA 5: Badilisha mmea, acha kazi yake

Hapa ndipo pesa yako iko. Kila mmea uliopenda uulize unafanya kazi gani hapo. Ile mipira ya zambarau juu ya kijiti unayoona kwa bustani za Uingereza, agapanthasi inafanya hiyo kazi na Nakuru inakubali bila kelele. Ile mishale ya maua wima, chukua nifofia, iko ya kwetu inaota yenyewe huko juu milimani, ama aloe. Mipira ya kijani iliyokatwa, duranta inakubali makasi. Mti mwembamba unaokua haraka, siala, wenye Waluhya mnaita lusiola, maua ya manjano na shina lililonyooka.

Na wakati mwingine unabeba wazo lenyewe bila mmea hata mmoja. Beth Chatto, kule Essex, alichukua sehemu iliyokuwa ya kuegesha magari mwaka wa 1991 akaigeuza bustani ya kokoto, akachagua mimea ya ukame, na baada ya kushika haimwagiliwi. Essex ni sehemu kavu kwa viwango vya Uingereza, na udongo wake pale ni wa changarawe. Si hiyo ni shida yetu ya Nakuru kabisa, maji hayakai? Lakini mimea yake achana nayo, chukua kokoto, aloe, rozimeri, na subira.

HATUA YA 6: Chora kwa ardhi

Laza hosipaipu chini ufuate mkunjo unaotaka, mwaga majivu juu ya mstari, simama kwa dirisha la jikoni uangalie. Mwenye nyumba atembee hapo siku kadhaa kabla jembe kuingia. Ni hivyo tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Nyar Kisumo: Hiyo ya kokoto inaweza kufanya Kisumu? Kwetu ni udongo mweusi.

Jibu: Hapana dada, usijaribu. Udongo mweusi ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka, na kokoto inazama polepole mpaka unashangaa ilienda wapi. Na hapo mko mita kama 1,130, joto mwaka mzima. Inua vitanda, chimba mtaro maji yatoke, alafu kana na helikonia watakufurahisha. Lavenda isahau, mizizi itaoza.

Kitale Greens: Mteja ananitumia picha za bustani za ng'ambo kila usiku anataka hivyo hivyo. Nimwambie nini?

Jibu: Usibishane na yeye. Mwambie aweke kidole mahali haswa anapenda kwa picha. Mara nyingi kidole hakiendi kwa ua, kinaenda kwa kile kibenchi ama njia inayopinda. Hiyo unaweza kumpa kesho.

Mama Mapacha: Nilinunua miche ya waridi nikidhani itakuwa kama yale ya Naivasha, imetoa majani ya madoa meusi.

Jibu: Yale ya Naivasha mama yanakuzwa ndani ya grinhausi, yamechaguliwa kwa shina refu na kukaa kwa vesi safarini. Nje ni maisha mengine. Madoa ni ukungu, okota majani yaliyoanguka uyachome, mwagilia chini sio juu ya majani, na usisonganishe. Ukirudi nasari sema unataka waridi la bustani, la kichaka ama la kupanda ukuta.

Fundi Kabro: Mimi nikitembelea bustani huwa navunja tu kipande kidogo naenda nacho, ati ya kuiba ndio hushika haraka 😂

Jibu: Wewe ndio unafanya tunawekewa kamba 😂 Omba. Karibu wote hutoa, na wakikupa wanakuambia pia inataka nini. Kwa msitu kama Kakamega usiguse kabisa, hapo ni sheria.

Mama Mapacha: Swali lingine pole, duranta niko nayo na watoto ni wadogo, ni salama?

Jibu: Yale matunda ya manjano ni sumu, mtoto asile. Ukiikata mara kwa mara haipati nafasi ya kuchanua wala kuzaa, lakini kama hakuna mtu wa kuikata toa uweke rozimeri, itafanya uzio mzuri mfupi na utapata ya kuweka kwa nyama.