Usiache hifadhidata ndani ya Program Files

Kama programu yako ya duka inahifadhi vizuri kwenye mashine yako, lakini ikishasakinishwa kwa mteja inagoma kuandika hata risiti moja, angalia kwanza faili la hifadhidata limekaa wapi. Lihamishie kwenye %LOCALAPPDATA% (folda ambayo Windows humtengea kila mtumiaji kwa data za programu), ndani ya folda yenye jina la programu yako. Kwenye Python ni os.environ["LOCALAPPDATA"], kwenye C# ni Environment.GetFolderPath(Environment.SpecialFolder.LocalApplicationData). Kwenye Windows, mtumiaji wa kawaida anasoma Program Files, folda ambamo programu husakinishwa, lakini haruhusiwi kuandika humo. Wewe huoni tatizo kwa sababu unaijaribu programu ndani ya folda yako mwenyewe. Na tafadhali usimzoeshe mteja kuifungua kama msimamizi kila asubuhi: programu nzima inapewa mamlaka makubwa kwa ajili ya faili moja tu.

Njia hii inakwama pale wauzaji wawili wanapotumia kompyuta moja kwa akaunti tofauti za Windows. Kila mmoja atakuwa na hifadhidata yake, na mauzo ya jioni hayatalingana. Hapo tumia folda ya programu yako ndani ya %PROGRAMDATA% (folda ya Windows inayotumiwa na akaunti zote), na kisakinishi chako kiwape watumiaji wote ruhusa ya kuandika kwenye folda hiyo.