Hesabu iningi kabla ya majina: namna ya kupima usajili wa klabu yako ya besiboli ukiwa Mombasa

Kaskazi inapoanza kuvuma pwani, huko Marekani mechi za besiboli zimekwisha na soko la wachezaji limefunguka. Shabiki wa Mombasa aliyekulia kwenye mpira wa miguu huliingia soko hilo na mazoea ya barazani: Bandari imemchukua nani, jina lake ni kubwa kiasi gani, na hukumu imeshatoka. Kwenye besiboli mazoea hayo yatakupoteza. Klabu hucheza mechi 162 kwa muda wa miezi sita hivi, na mrushaji (anayewarushia wapigaji mpira) bora kuliko wote huanza mechi mara moja tu kila siku tano au sita. Usajili mzuri ni ule unaojaza kazi ambayo ingebaki haina mtu. Kazi hiyo inahesabika kwa iningi, yaani ngwe za mchezo ambazo timu hurusha mpaka iwatoe wapigaji watatu (auti tatu), na mwongozo huu ni wa kuihesabu. Mifano mingi hapa ni ya New York Mets, lakini hesabu ni ile ile kwa klabu yoyote kati ya zile 30.

Vifaa na saa

Unahitaji daftari la mistari, kalamu na bando dogo la simu. Huhitaji video hata moja, maana kazi yote iko kwenye kurasa za maandishi. Takwimu za miaka iliyopita zichukue kwenye tovuti ya Baseball-Reference. Orodha ya wachezaji 40 wa klabu na opsheni zao (nafasi za kuwashusha ligi ya chini, nitazieleza mbele) iangalie kwenye tovuti ya FanGraphs. Usajili uliothibitishwa usome kwenye ukurasa wa mabadiliko ya wachezaji wa MLB.com, tovuti ya ligi yenyewe.

Tangu Jumapili ya kwanza ya Novemba hadi Jumapili ya pili ya Machi, New York iko nyuma ya Mombasa kwa saa 8. Baada ya hapo tofauti inashuka hadi saa 7, kwa sababu wao husogeza saa zao na sisi hatusogezi. Makataa mengi ya ligi huwekwa saa 11 jioni ya New York, yaani saa 7 usiku kwetu. Hapo ndipo watu hukosea tarehe: makataa ya Jumanne yanafika Mombasa usiku wa kuamkia Jumatano. Usikeshe. Soma mara moja tu, baada ya swala ya alfajiri. Saa 11 alfajiri huku ni saa 3 usiku kule, na habari nyingi za siku hiyo zimeshatoka.

Jedwali la iningi

Fungua ukurasa mpya, uandike juu: 1,440. Hizo ndizo iningi ambazo klabu lazima irushe kwa msimu, kwa kukadiria. Mechi 162 mara iningi 9 ni 1,458, lakini timu ya nyumbani hupiga mwisho, hivyo ikiwa inaongoza, nusu ya mwisho haichezwi na wageni hawarushi iningi ya 9. Mechi za muda wa ziada hurudisha sehemu ya upungufu huo.

Gawanya namba hiyo sehemu mbili. Mrushaji wa kuanza siku hizi hukaa iningi 5 na ushei kwa mechi, kwa hiyo kundi la waanzaji linabeba kama 840. Zinazobaki, kama 600, ni za warushaji wa akiba, wanaoingia mwanzaji akitoka.

Sasa kila mrushaji aliyepo mwandikie makadirio. Chukua iningi zake za misimu mitatu iliyopita. Msimu wa karibuni uzidishe kwa 3, wa kabla yake kwa 2, wa mwanzo kwa 1. Jumlisha, kisha gawa kwa 6. Angalia namba ilivyoandikwa: 181.2 si desimali, ni iningi 181 na auti mbili kati ya tatu. Ukijumlisha 181.2 na 117.2 kwa kikokotoo cha simu utapata 298.4, namba isiyokuwepo kwenye besiboli. Jibu sahihi ni 299.1, kwa kuwa auti nne ni iningi moja na auti moja.

Mchukue Sean Manaea. Mets walimrudisha kabla ya msimu wa 2025 kwa mkataba wa miaka 3 na dola milioni 75. Alirusha 158 mwaka 2022, 117.2 mwaka 2023 na 181.2 mwaka 2024. Hesabu inatoa 156. Frankie Montas, miaka 2 kwa dola milioni 34: alirusha 144.1, halafu 1.1 kwa sababu ya upasuaji wa bega, halafu 150.2. Hesabu inatoa 100. Wa tatu, Clay Holmes, alikuwa mrushaji wa akiba wa Yankees aliyezoea iningi 63 kwa mwaka, na Mets walimsajili ili aanze mechi. Hesabu inatoa 63.

Hao watatu wana makadirio ya 319. Ukiwapa waanzaji 5 wa kawaida iningi 168 kila mmoja ndipo unafika 840, na hapa watatu kati yao wana upungufu wa iningi 185. Huo ndio mstari wa kupigia wino mwekundu Januari, wakati wengine wanasherehekea mpigaji Juan Soto aliyesaini miaka 15 kwa dola milioni 765.

Msimu wenyewe ulikwendaje? Manaea na Montas waliumia kambini kabla mechi ya kwanza haijachezwa. Manaea alimaliza na 60.2, Montas na 38.2. Holmes aliishinda hesabu kabisa, akarusha 165.2. Soto hakumwangusha mtu: homurani 43 (mipigo inayovuka uzio) na besi 38 za kuiba. Katikati ya Juni Mets walikuwa na rekodi bora ligini, ushindi 45 na vipigo 24. Halafu waanzaji wakapungua, klabu ikapitisha warushaji zaidi ya 40 kwa msimu mmoja, ikamaliza 83 kwa 79 na kukosa mchujo, ikiwa imelingana na Cincinnati Reds lakini imezidiwa kwenye mechi walizokutana.

Kanuni ya 3-2-1 ina udhaifu wa aina mbili. Haijui mchezaji anapobadilishiwa kazi, kama Holmes. Huyo mpe namba yake kisha weka alama ya kuuliza pembeni, usimjazie 160 kwa matumaini. Pia haijui majeraha mapya. Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa kiwiko wa Tommy John, hesabu kuwa atakosa miezi 12 hadi 18, na mwaka anaorudi umpe iningi chache.

Warushaji wa akiba ni haraka zaidi. Wanane wakirusha iningi 60 kila mmoja, una 480. Zile 120 zinazobaki zitarushwa na vijana wanaopanda na kushuka kutoka ligi ya chini, na hapo ndipo opsheni zinapoingia.

Orodha ya 40

Klabu ina wachezaji 26 wanaocheza, warushaji wasizidi 13, ndani ya orodha ya 40. Mchezaji aliye kwenye orodha ya 40 ana opsheni za misimu 3: klabu inaweza kumshusha na kumpandisha bila kumpoteza. Akikaa chini siku 20 au zaidi kwa msimu, opsheni moja imetumika. Tangu 2022 hawezi kushushwa zaidi ya mara 5 kwa msimu. Zikiisha, hashuki mpaka kwanza klabu nyingine zote zipewe nafasi ya kumchukua.

Kwenye daftari, kila jina la mrushaji liandikie namba ya opsheni zilizobaki. Warushaji wa akiba 6 kati ya 8 wakiwa na sifuri, klabu hiyo itabanwa Mei: mechi ikienda iningi 13, kesho yake hakuna wa kumshusha ili aje mwenye mkono uliopumzika. Usajili wa kijana mwenye opsheni 2, ambao haupati hata mstari mmoja kwenye habari, unaweza kuwa na faida kuliko mkongwe wa dola milioni 8. Hilo mashabiki wengi wanalipuuza, na si haki kwa wasimamizi wanaofanya kazi hiyo vizuri.

Katikati ya Novemba kuna makataa ya kuwaingiza vijana kwenye orodha ya 40 ili wasichukuliwe kwenye uteuzi wa Rule 5, ambapo klabu nyingine huruhusiwa kuwachukua vijana wasiolindwa hivyo. Aliyesajiliwa akiwa na miaka 18 au chini lazima alindwe baada ya misimu 5. Mwenye 19 au zaidi, baada ya misimu 4. Anayemchukua hulipa dola 100,000, na lazima amweke kwenye wale 26 msimu mzima au amrudishe. Ukiona klabu yako imeacha nafasi 3 au 4 wazi siku hiyo, ujue inajiandaa kununua.

Pesa

Mashabiki hutazama jumla ya mkataba. Ligi inatazama wastani wa mwaka, na ndio unaoingia kwenye kodi ya mishahara, yaani tozo kwa klabu ambayo mishahara yake imevuka kikomo. Soto ni 765 kugawa kwa 15, yaani dola milioni 51 kwa mwaka. Shohei Ohtani alisaini na Dodgers miaka 10 kwa milioni 700, lakini milioni 680 zitalipwa kuanzia 2034 hadi 2043, hivyo kwenye kodi anahesabiwa kama milioni 46 tu. Kabla ya kulinganisha mikataba miwili, uliza kiasi gani kimeahirishwa.

Kikomo cha kodi kilikuwa milioni 241 mwaka 2025, na ni milioni 244 mwaka 2026. Anayevuka kwa mara ya kwanza hulipa asilimia 20 ya ziada, mwaka wa pili mfululizo 30, wa tatu na kuendelea 50. Akikizidi kikomo kwa milioni 60, anaongezewa asilimia 60 nyingine. Mets walikuwa hapo mwaka 2025: kila dola mpya ilitozwa asilimia 110. Mrushaji wa milioni 10 aliwagharimu milioni 21. Kwa klabu iliyofika huko, shabiki anayelalamika kwamba tajiri amegoma kuongeza mtu mmoja afanye hesabu hiyo kwanza.

Kubadilishana wachezaji

Andika safu mbili: iningi au mapigo kwa msimu, na miaka ya udhibiti iliyobaki, yaani ambayo klabu bado inammiliki kabla hajawa huru. Mchezaji hawi huru mpaka atimize miaka 6 ya utumishi, na mwaka mmoja ni siku 172. Desemba 2023 San Diego Padres walimpeleka Soto Yankees akiwa amebakiza mwaka mmoja. Walichopata ni warushaji wanne na mshikaji mmoja (anayedaka mipira ya mrushaji), na barazani popote wangezomewa. Mmoja wa warushaji hao, Michael King, aliyekuwa na miaka miwili ya udhibiti, alirusha 173.2 mwaka 2024. Mwingine, Drew Thorpe, wakamtumia Machi kwenye biashara ya kumpata Dylan Cease, aliyerusha 189.1. Jumla yao ni iningi 363 kamili. Padres walitoka ushindi 82 hadi 93.

Wapigaji nao wana jedwali lao, fupi zaidi. Klabu hupata nafasi za kupiga kama 6,100 kwa msimu, na mtu mmoja ni nadra kuzidi 700. Hata Soto ni sehemu moja kati ya tisa.

Uvumi na uthibitisho

"Wamekubaliana" si usajili. Kuna vipimo vya daktari, na mpaka vipite, mchezaji hajachukua nafasi kwenye orodha ya 40. Desemba 2022 Carlos Correa alikubaliana na Giants miaka 13 kwa milioni 350. Vipimo vikaleta wasiwasi juu ya kifundo cha mguu wake. Akakubaliana na Mets miaka 12 kwa milioni 315. Kifundo kile kile kikazuia. Januari 2023 alirudi Minnesota Twins kwa miaka 6 na milioni 200. Makubaliano yaandike kwa penseli. Wino ni siku klabu inapotangaza, na siku hiyo hiyo tazama nani ameondolewa ili kumpisha, kwa sababu iningi za huyo lazima zifutwe kwenye jedwali.

Jumlisha upya mara tatu: baada ya mikutano ya klabu ya Desemba, kambi za mazoezi zinapofunguliwa katikati ya Februari, na siku moja kabla ya mechi ya kwanza. Ya Februari ndiyo yenye mabadiliko mengi, maana kambi zikifunguliwa klabu inaruhusiwa kuwaweka majeruhi wa muda mrefu kwenye orodha ya siku 60, na nafasi zao kwenye wale 40 zinafunguka kwa wachezaji huru waliobaki. Pete Alonso alisaini na Mets Februari 2025.

Kwa majira ya baridi ya 2026 kuna tahadhari moja zaidi. Mkataba wa kazi kati ya ligi na chama cha wachezaji unakwisha tarehe 1 Desemba 2026. Uliopita ulipokwisha, ligi ilifunga milango tarehe 2 Desemba 2021 na haikufungua hadi 10 Machi 2022; siku 99 bila usajili wa ligi kuu wala kubadilishana. Mwaka huo jedwali la kwanza lifanye mwisho wa Novemba, usingoje mikutano ya Desemba.