Kuchomwa kwa maji ughaibuni: bei ya kwenye tovuti na bei ya kufika Kasulu

Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha kusaidiana misibani hapa Minnesota, watu wa Kigoma na majirani zetu. Kazi yenyewe ni kufukuzia michango na kusoma bili. Miaka ya karibuni swali moja limekuwa likirudi, na kila mara linaulizwa usiku, mtu ameshafariki na ndugu wamechanganyikiwa: "Jamani, ile ya maji ni bei gani?"

Wanaulizia kuchomwa kwa maji, njia ya kuuyeyusha mwili wa marehemu badala ya kuuzika au kuuchoma kwa moto. Nitajibu kwa nilivyoona, maana nimelipa bili moja ya aina hiyo. Ilikuwa ya mwenzetu wa Kasulu, mkoani Kigoma, Mwanglikana, aliyeacha maandishi kwamba asisafirishwe kwenye jeneza wala asichomwe kwa moto.

Jina lenyewe linapotosha kidogo, kwa sababu hapana kinachochomwa. Mwili hulazwa ndani ya tangi la chuma kisichoshika kutu, wanaingiza maji yenye potasiamu haidroksaidi, kama sehemu 5 kwa 100, kisha wanapasha. Mashine za joto la nyuzi 150 zenye mgandamizo humaliza kwa saa chache, kama 6 hivi. Zile za nyuzi 95 zinaweza kuchukua saa 14 hadi 20. Nyama yote huyeyuka na inabaki mifupa milaini, inayokaushwa na kusagwa kuwa unga mweupe.

Mama yangu kule Gungu, Kigoma, amepika sabuni ya mawese tangu nikiwa shule ya msingi, kwa hiyo nilipomweleza nilianzia hapo. Potasiamu haidroksaidi ni ndugu wa kostiki. "Ile inayobabua mikono?" akauliza. Ile ile. Akakaa kimya, kisha akasema basi ameelewa, nisiendelee.

Sasa bei. Marekani, huduma ya maji bila ibada wala kuaga mwili huwa kati ya dola 2,000 na 5,000. Kuchoma kwa moto, nako bila ibada, kuna miji unapata kwa dola 1,000 na kidogo. Kwa hiyo anayekwambia maji ni rahisi kuliko moto hajapiga simu. Urahisi wake unauona ukilinganisha na mazishi kamili: mwaka 2023 chama cha wenye kampuni za mazishi Marekani kilitaja dola 8,300 kama bei ya katikati ya mazishi ya jeneza yenye kuaga mwili, na hapo gharama ya kaburi haijaingia. Kusafirisha mwili hadi Tanzania, pamoja na dawa ya kuhifadhi, jeneza lililozibwa kwa zinki, vibali na mzigo wa ndege, mara nyingi hufika dola 10,000 au kupita. Na hapo umefika Dar es Salaam tu. Kigoma iko mwisho wa reli, zaidi ya kilomita 1,200 mbele.

Yetu kwenye tovuti ya kampuni iliandikwa dola 2,295. Tuliyolipa ni 3,445. Hakuna aliyetuibia. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa, ila sisi hatukuuliza.

Dola 420 zilikuwa za gari. Hapa ndipo bei ya maji inapotofautiana sana na ya moto, na sababu yake ni kwamba vituo ni vichache. Minnesota iliruhusu huduma hii tangu mwaka 2003, na California sheria yake ilianza kazi 2020, lakini yapo majimbo ambayo bado hayaruhusu, na hata yanayoruhusu yanaweza kuwa na mashine mbili tatu tu. Kampuni nyingi zinazotangaza "kwa maji" hazina mashine yao. Huupeleka mwili kwa mwenye nayo na kukutoza kwa maili. Swali la kwanza kwenye simu liwe hilo: mashine ni yenu, na iko mji gani? Ulaya ni hivyo hivyo au zaidi. Ireland kituo cha kwanza kilifunguliwa Navan mwaka 2023 tu.

Mashine yenyewe ni ghali, inagharimu mamia ya maelfu ya dola, na ile ya joto dogo huhudumia mtu mmoja kwa siku. Gharama hiyo lazima irudi kwenye bili ya mtu. Kampuni nyingine huongeza pesa kwa marehemu mwenye uzito mkubwa, kwa hiyo uliza mapema bila aibu.

Dola 405 zilikuwa za jokofu. Siku 9, dola 45 kwa siku. Hizi zinaniuma hadi leo, kwa sababu kampuni haina kosa, ni sisi. Mwenye kutia saini ya ruhusa kisheria hapa ni yule ambaye marehemu alimteua kwa maandishi. Kama hayupo ni mke au mume, halafu watoto wazima, halafu wazazi. Ukoo haumo. Lakini nani anatia saini kabla baba mdogo wa Kasulu hajasema neno? Mjane alikataa, na nilimwelewa.

Tulimpigia baba mdogo simu saa nane usiku kwa saa zetu, kwake asubuhi ya jua kali. Mzee alisikiliza yote, joto, saa, unga mweupe. Nikataja kwamba Askofu Desmond Tutu mwenyewe alifanyiwa hivyo alipofariki Desemba 2021, na kwamba alichagua mwenyewe, na mabaki yake yamewekwa ndani ya kanisa kuu la Cape Town. "Tutu yule wa Afrika Kusini?" Ndiye. Kidogo akalegea. Halafu akauliza swali ambalo sisi wote wa huku tulikuwa tumelikwepa: "Na yale maji, mwanangu, yanakwenda wapi?"

Yanakwenda kwenye bomba la maji taka. Ndiyo ukweli. Hayana vijidudu, yana chumvi, sabuni na viini vya protini vilivyovunjika, na mamlaka ya maji taka ya mji huyapokea kwa kibali. Nilimwambia hivyo hivyo. Simu ilikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata. Akasema atatupigia. Alitupigia baada ya siku 6, akiwa ameshakaa na mchungaji wao, akasema mifupa ndiyo mtu, leteni mifupa.

Kwa hiyo mwenye nia hii azungumze na wazee akiwa hai, aandike, mashahidi watie saini, na alitaje lile la maji kwenda kwenye bomba la maji taka kwa mdomo wake mwenyewe. Simu ya ndugu mwenye kilio haiwezi kuibeba habari hiyo. Na kila siku ya mjadala ina bei yake kwenye jokofu.

Kuhusu dini nisizunguke. Ndugu zangu wa Ujiji, kwa Waislamu hili halipo: maiti anaoshwa, anavishwa sanda, anaswaliwa, anazikwa, na kikundi chetu huwachangia maziko ya huku huku haraka iwezekanavyo. Wakatoliki, Kanisa liliruhusu kuchoma kwa moto tangu 1963, lakini maaskofu wa Marekani walitoa tamko Machi 2023 kwamba njia hii ya maji haiupi mwili heshima inayostahili. Muone padre wako kabla ya kulipa chochote, maana amana ya kampuni nyingine hairudi.

Zilizobaki kwenye bili yetu ni dola 130 za kibali na nakala za cheti cha kifo, na 195 za chombo cha kuwekea majivu. Ile 130 haikwepeki, na nakala chukueni nyingi. Tulichukua 3, tukaishia kuongeza. Ile 195 tulikuwa na haki ya kutoilipa. Sheria ya shirikisho ya mazishi ya mwaka 1984 inailazimu kampuni kukutajia bei kwa simu ukiuliza, na kukupa orodha ya bei kwa karatasi ukifika ofisini kuulizia, na inakuruhusu kuleta jeneza au chombo chako mwenyewe bila kutozwa. Mlinunua wapi haiwahusu. Jeneza kwa njia ya maji halihitajiki kabisa, na nguo ya mwisho inatakiwa iwe ya hariri au sufu, maana pamba na nailoni haziyeyuki. Kitenge cha mwenzetu tulikifunika juu wakati wa kuaga, kisha tukakitoa, kikaenda nyumbani kwa ndege.

Unafuu mmoja mdogo: kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo si lazima kitolewe kabla. Kwenye moto lazima kitolewe kwa sababu hulipuka, na kuna wanaotoza kazi hiyo.

Kuyafikisha majivu nyumbani kuna njia mbili. Posta ya Marekani ndiyo pekee inayobeba majivu ya binadamu nchini humo, na tangu Machi 1, 2025 haipokei mpaka yawe ndani ya boksi lao maalumu. Sisi hatukupenda posta. Mdogo wa marehemu aliyabeba mkononi. Kwa ndege, chombo kiwe cha mbao au plastiki ili miale ipenye, kwa sababu wakaguzi hawakifungui hata uwaombe, na wasipoona ndani hakipandi. Chombo chetu cha dola 195 kilikuwa cha chuma. Kilibaki Minnesota, kinawekewa maua. Beba cheti cha kifo, cheti cha kampuni na barua ya ubalozi wetu, na uulize shirika la ndege kabla ya kukata tiketi, kwa sababu kila moja lina utaratibu wake.

Kasulu walikuwa wamemwagiza fundi seremala sanduku la mninga, kazi nzuri, lina msalaba kwenye kifuniko. Walimpa kipimo cha majivu ya moto alichokipata mjukuu kwenye simu. Tatizo ni kwamba njia ya maji huacha mabaki mengi zaidi, kama asilimia 20 hadi 30 juu ya yale ya moto, na kipimo cha kawaida cha lita 3 na ushee hakitoshi. Kifuniko kilikataa kufunga. Fundi aliwasha taa akaanza lingine usiku ule ule, refu zaidi kwa vidole vitatu, na ibada ya saa nne ikaanza saa sita.