Kilo 3,500 za Kuvuta Zina Masharti Yake
Pikapu za ukubwa wa kati kama Toyota Hilux na Ford Ranger, katika matoleo mengi ya dizeli, hutangazwa kuwa zinaweza kuvuta tela la kilo 3,500, lakini kiwango hicho ni cha tela lenye breki zake lenyewe. Lisilo na breki huishia kilo 750, na hapo ndipo wengi hujidanganya.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji sana ni uzito unaokandamiza ndoano ya nyuma. Kwa kawaida ni takriban asilimia 10 ya uzito wa tela, kwa hiyo tela la kilo 3,000 huligandamiza gari kwa kilo 300 hivi, nazo huhesabiwa kama mzigo uliomo kwenye bodi. Ikiwa gari limeruhusiwa kubeba kilo 900, toa hizo 300, toa abiria wanne wa kilo 75 kila mmoja, na zitabaki 300 tu, yaani mifuko 6 ya saruji.

Angalia pia kwenye kitabu cha gari kikomo cha uzito wa gari na tela kwa pamoja, ambacho mara nyingi ni kidogo kuliko jumla ya vikomo vyao viwili. Usiku, taa za mbele zikimulika vilele vya miti, nyuma imelemewa.